Kabini ya Papa haina dirisha

Leo bandarini Papa, baba yangu, amenikatalia kabini niliyomchagulia, mbele ya watu wote.

Anarudi kwao Kalemie. Ni mgonjwa, na nyumbani tunajua wote kwamba Bujumbura hatarudi tena.

Wiki nzima nimemhangaikia hiyo kabini! Ya juu, godoro laini, mbali na kelele za moteri, injini ya meli. Na dirisha linaloangalia gati, anione nikimpungia.

Papa akakaa kitandani, akaweka kiganja ukutani. Ukuta umetulia tu.

(Alikuwa fundi wa meli maisha yake yote. Masikio yaliishia huko, siku hizi hasikii kitu.)

"Apana, mutoto wangu. Hapa mi ntajuaje kama moteri inafanya kazi muzuri?"

Akashuka chini kabisa, kwenye kabini iliyopakana na moteri. Giza, joto, dirisha hakuna. Akaegemeza mgongo ukutani, ukuta ukatetemeka, akatabasamu. Mara ya kwanza tangu augue.

Na mimi, jamani, nikanuna. Nikatoka bila kumuaga vizuri.

Nyinyi mngefanyaje?

Meli ilipoondoka nilibaki gatini nikipungia lile dirisha la juu mpaka likapotea. Nilijua kabisa kwamba hakuna mtu.