Gauni la Mgeni

Assumpta Devaney alikaa nyuma ya dirisha la posta ya kijiji chao, kule Roscommon, kwa miaka ishirini na sita, na hakuna aliyewahi kumkamata na uongo, hata ule mdogo wa kusifia kichanga kisichopendeza. Akionyeshwa mtoto wa namna hiyo husema, "Ana afya," basi. Ndiyo maana alichokifanya Mei ile katika duka la nguo za harusi kilimshangaza yeye mwenyewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Alikwenda kutafuta nguo ya kuvaa kwenye harusi ya Cathal.

Cathal ndiye aliyekuwa amwoe Sorcha, binti wa pekee wa Assumpta. Zilibaki wiki saba tu. Kanisa lilishapatikana, hoteli ilishawekwa, na Jumatatu mama na mwana walikuwa waende mjini kutafuta nguo ya mama. Alhamisi kabla ya Jumatatu hiyo, gari la Sorcha liliteleza kwenye barafu akienda kazini, na hakupona. Sasa imepita miaka minne. Cathal amepata msichana mwingine, muuguzi, jina lake Ríona, na kijiji kizima hakina neno baya la kusema juu yake. Hilo nalo lilimuuma Assumpta. Angalau angekuwa na maringo kidogo.

Kadi ya mwaliko Cathal hakuituma. Aliileta mwenyewe, akakaa jikoni, akala vipande vitatu vya mkate wa magadi bila kusikia ladha ya hata kimoja, kisha akaisukuma kadi chini ya buli la chai kama kitu cha aibu.

"Usipokuja nitaelewa," alisema. "Lakini nitakuwa nakutafuta kwa macho."

"Nitakuja. Kunywa chai, inapoa."

Kuahidi kulikuwa rahisi. Shida ilikuwa nguo, na mdogo wake Goretti alikuwa na neno kwa kila rangi.

"Nyeusi watasema umekuja kuzika. Nyekundu watasema umekuja kugombana. Nyeupe ni ya bibi harusi."

"Basi nitavaa koti la mvua."

"Harusi ya Juni, na mvua zetu hizi? Utalihitaji, dada."

Goretti alimpeleka kwa gari, lakini akakataa kushuka. "Nikiingia nitachagua mimi, halafu utaninunia mpaka Krismasi." Akafungua sandwichi yake na gazeti.

Dukani alipokelewa na msichana aliyening'iniza futi ya kupimia shingoni, Muireann, kama miaka ishirini na mbili hivi. Akamuuliza swali analoulizwa kila mwanamke anayeingia pale.

"Karibu, mama. Ni mama wa bibi harusi, au mgeni?"

Assumpta alifungua mdomo aseme mgeni.

"Mama wa bibi harusi," alisema.

Ikawa imetoka. Mgeni hujipekulia mwenyewe nguo pale mbele, lakini mama wa bibi harusi alipitishwa nyuma ya pazia, kwenye kiti cha mahameli na kioo kirefu cha pande tatu. Akapewa glasi ya mvinyo wenye mapovu, saa nne ya asubuhi.

"Hongera sana, mama. Bibi harusi wetu anaitwa nani?"

"Sorcha."

"Anakusumbua? Maana wiki hizi wanakuwa simba."

"Huyu? Ananionea," Assumpta alisema, na akajisikia anacheka. "Amesema nikivaa kofia pana kuliko mlango wa kanisa ataniacha nje na mbwa wa padri."

Ni kweli Sorcha alisema hivyo. Lakini ilikuwa miaka minne tangu Assumpta amtaje kama mtu aliyepo, anayesema, anayeonea watu, na maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililofungwa siku nyingi. Anapenda viatu vya chini. Hawezi kupika hata yai. Muireann alicheka, akaleta gauni, akalirudisha, akaleta jingine. La tatu lilikuwa la kijani laini cha jani changa, na koti lake jepesi juu, na kofia ndogo yenye unyoya. Assumpta alisimama mbele ya kioo akawaona mama watatu wa bibi harusi, na wote watatu walikuwa wanapendeza.

"Sorcha atalia akikuona," Muireann alisema.

"Halii ovyo."

Msichana akafungua daftari nene. Maduka yote ya aina hii yanalo. Huandikwa gauni na harusi linakokwenda, ili wanawake wawili wasije wakakutana kanisani wamevaa sare.

"Tarehe?"

"Kumi na nne Juni."

"Bwana harusi?"

"Cathal Heneghan."

Aliposikia sauti yake ikilitamka jina hilo alijua amechelewa. Kidole cha msichana kilishuka kwenye ukurasa, kikasimama.

"Hapa nina mama wa bibi harusi tayari," Muireann alisema taratibu. "Bi Gormley. Alichukua la zambarau mwezi wa tatu. Na bibi harusi ni... Ríona."

"Ndiyo. Ni Ríona." Assumpta aliweka glasi chini. "Sorcha ni wangu. Yeye ndiye alikuwa aolewe na Cathal. Mungu amrehemu. Tulikuwa tuje huku Jumatatu, na hatukufika. Nisamehe, mwanangu, nimekudanganya na mvinyo wako nimekunywa."

Muireann alilifunga daftari juu ya kidole chake.

"Gauni hili halijachukuliwa na mtu, mama. Naweza kukupa."

"Hapana. Hili ni la mama."

Alivua kofia kwanza, akaikabidhi kwa mikono miwili. Zipu ya mgongoni hakuifikia, ikabidi msichana aje nyuma yake, na ikawa inakwama. Kwenye kioo Assumpta alimwona analia kimyakimya.

"Nyamaza, mwanangu," alimwambia. "Vuta polepole tu, itashuka."

Kisha akaenda mbele, kwenye nguo za wageni, akajaribu moja, ikamwenea, akaipeleka kaunta.

"Niandike mgeni."

"Upande wa bwana, au wa bibi?" Muireann aliuliza kwa sauti ya chini, maana lazima kuandika.

Assumpta alifungua mkoba, akatoa pochi.

"Wa bwana. Lakini viti vya nyuma."

Daftari halina sehemu ya kuandika hilo, ila msichana aliliandika.

Ndani ya gari Goretti alikunja gazeti. "Umepata?"

"Nimepata."

"Rangi gani?"

Assumpta aliutazama mfuko uliokuwa mapajani mwake, uliofungwa kwa utepe.

"Sijui," alisema. "Sikuangalia."

Goretti, ambaye hakosi la kusema, aliwasha gari.