Chumvi kwenye Mpunga wa Ulysse Leleux

Kule kusini mwa Luiziana kila mkulima wa mpunga huonja maji ya mto kabla ya kuwasha pampu, lakini Ulysse Leleux alionja kwa maringo, utadhani mpishi wa harusi. Zamani mto ulijipindapinda kwenye matete, na maji ya bahari yalichoka kabla hayajafika mashambani. Kisha kampuni ya mafuta ikachimba mfereji mnyoofu kutoka visima vyake hadi baharini, na chumvi ikapata njia ya mkato ya kupanda mtoni. Na wakulima wenyewe, Ulysse akiwamo, wakafunga mipampu iliyofyonza mto mpaka ukaanza kurudi nyuma. Sasa kila mmoja anamlaumu mwenzake, hovyo!

Kiangazi kile mvua iligoma. Mpunga ulikaribia kuchanua, udongo umepasuka, na bila mavuno hayo shamba aliloachiwa na baba yake lingechukuliwa na benki. Jumamosi mvua ikanyesha kidogo. Ulysse akashuka mtoni, akachota kwa kiganja, akasukutua, akatema.

"Matamu!" akamwambia mkewe Azélie.

"Onja tena, mzee wangu. Jirani yetu Dorestan naye alisema hivyohivyo mwaka jana, akaunguza shamba."

"Dorestan ana ulimi wa ng'ombe. Niache!"

Akawasha pampu. Masikini, alikuwa ameonja juu. Maji ya mvua ni mepesi, huelea. Ya chumvi ni mazito, hulala chini, na mdomo wa pampu ulikuwa chini.

Siku chache baadaye ncha za majani zikawa nyeupe. Azélie akachovya kidole shambani, akakiramba, akamgeukia mumewe.

"Sema basi!"

"Niseme nini? Si wewe ndiye bingwa wa kuonja?"

Ulysse akashika sepetu, akakimbilia tuta linalozuia maji shambani ili alibomoe, ayamwage yote. Akasita. Ayamwage, halafu aoshe shamba kwa maji gani? Mto wote ulikuwa chumvi. Akaketi pale pale, akalia kwa sauti, mtu mzima yule.

Shamba likaenda. Kazi ilikuwa kwa kampuni ya mafuta tu, kwenye mashine ya kuchimba mifereji, naye akaichukua. Mfereji wake wa kwanza ulipita katikati ya shamba la Dorestan. Mwenye ardhi alikuwa amekubali. Dorestan alikuwa mpangaji tu.

Dorestan akatoka, akasimama mbele ya mashine.

"Ala! Ni wewe, Ulysse?"

"Ni mimi. Sogea, ndugu yangu."

Dorestan akasogea.