Taa Iliyokula Wekundu

Kazi yangu ni kutengeneza redio, simu na feni, katika kibanda karibu na Gombani. Skuli sikufika mbali, kwa hiyo haya naandika kama ninavyosema.

Hospitali walinijua kwa friji la dawa nililowarekebishia. Siku moja daktari wa matumbo aliniita, akanionyesha kamera yao ya tumbo: mpira mrefu mweusi, mnene kama kidole, unaopinda, mgonjwa anaumeza. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama nywele, ndizo zinazopeleka mwanga mpaka nchani. Mwanga wenyewe unatoka kwenye sanduku la pembeni, na balbu ya sanduku lile ilikuwa imekufa. Mpya imeagizwa, haijulikani itafika lini. Wagonjwa walikuwa wanavushwa bahari mpaka Unguja.

"Unaweza kututengenezea taa nyingine, fundi?" akauliza.

Nikasema naweza. Mpaka leo sijui kama nilisema hivyo kwa kuwa naweza, au kwa kuwa aliyeniuliza ni daktari.

Lakini nisijidharau kuliko haki. Kazi ile niliifanya kwa bidii. Nilichukua taa ya LED ya pikipiki, nikaifunga kwenye bonge la aluminiamu isiungue, nikaweka feni ya kompyuta nyuma yake. Shida ilikuwa kuukusanya mwanga uingie kwenye kitundu ambamo nyuzi zinaanzia. Mwingi ulimwagika pembeni. Nilibadilisha lenzi mara nne, ya mwisho niliitoa kwenye projekta mbovu. Daktari alikuwa amenipa mpira wa zamani usiotumika tena, wa kujaribia. Nilipowasha, ncha yake iliwaka hata huwezi kuitazama.

Nikaenda nayo nyumbani. Ulikuwa msimu wa karafuu, nje mvua, ndani kuna giza la mawingu. Mke wangu alikuwa amekaa juu ya jamvi anachambua karafuu, anazitenga na makonyo, vile vijiti vyake. Nikamulika lile fungu lake, kwa kujisifu tu.

"Mbona zote zimekuwa sawa?" akasema.

"Sawa vipi?"

"Hizi zilizoiva na hizi mbichi. Hebu zima." Nikazima. Akasogea mlangoni na karafuu chache kiganjani. "Unaona? Hii ina wekundu. Taa yako inaula wekundu."

"Weye chambua karafuu. Miye natazama matumbo."

"Haya, daktari wa redio," akasema, akacheka, na mimi nikacheka.

Kwetu mtoto anajua rangi ya karafuu kabla hajajua kusoma, maana anayechuma mbichi husemwa mtaa mzima. Mimi mwenyewe nimesemwa. Na bado taa ile niliipima kama watu wanavyopima tochi: inafika mbali, inasomesha maandishi madogo? Hakuna anayenunua tochi kwa ajili ya wekundu.

Siku ya kuifunga hospitali, daktari aliielekeza kamera kwenye karatasi nyeupe, akaridhika na weupe wake. Kisha akaniuliza, "Rangi nyingine umezipima?"

"Nimezipima, daktari. Ziko safi."

Neno hilo ndilo ninaloandikia haya yote. Haukuwa uongo mtupu. Nilikuwa nimepimiwa kweli, na jibu nililipata, ila lilitoka kwa mtu aliyekaa jamvini, nami sikulihesabu.

Miongoni mwa wa kwanza kupimwa alikuwa dada mkubwa wa mke wangu, wa Kengeja. Tumbo lilikuwa likimchoma miezi. Mpira aliuogopa, mke wangu akambembeleza: "Taa yenyewe kaitengeneza shemeji yako."

"Basi aniangaze, asinitie moto," akasema, akakubali.

Akaambiwa tumbo halina kidonda, apunguze pilipili na ndimu. Ramadhani ilipoingia akafunga kwa furaha. Katikati ya mwezi, baada ya futari, akatapika damu. Alivushwa Unguja, na huko wakakiona kidonda. Alipona, alhamdulillahi, lakini alikatazwa kufunga tena. Mtu aliyefunga tangu utotoni sasa analisha masikini kwa kila siku anayokula.

Nilikwenda kwa daktari nikamweleza habari ya karafuu. Akasema, "Kidonda kinaweza kuwa kilitoka baadaye. Au kilikuwepo, mimi nikakipita. Siku ile nilikuwa na haraka. Hilo hatutalijua." Akaizima taa yangu kwa mkono wake. "Lakini kidonda tunakitambua kwa wekundu wake. Ungeniambia, fundi, ningetazama mara mbili."

Nilitengeneza nyingine, ya mwanga wa manjano kidogo, hafifu kuliko ile. Safari hii nilimpa mke wangu karafuu zilizochanganywa, azitenge chini ya taa. Alizitenga bila kukosea. Laiti angenilaumu. Tangu dada yake augue hajawahi kuniambia, "Nilikwambia." Taa hiyo ndiyo iliyotumika mpaka balbu ilipofika, na sijasikia lawama juu yake, ingawa kutosikia si ushahidi.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia shemeji mwenyewe. Mwaka mzima nilikwenda kwake na kurudi, kila mara na sababu ya kutosema. Ramadhani hii nikapanda gari mpaka Kengeja, mchana. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amejificha, anakula muhogo wa kuchemsha. Alipotaka kuficha sahani nikamwambia aiache, nikamweleza yote nikiwa nimesimama: mvua, jamvi, kicheko, na jibu nililompa daktari.

"Mkeo kanambia zamani," akasema.

"Lini?"

"Bado nimelala hospitali."

"Na hukunisema?"

"Kasema nikuache, utasema mwenyewe." Akafuta vidole kwenye kanga. "Umekawia, shemeji."

Nikamwomba radhi. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hakunisamehe, na mimi sitaandika ambacho hakukisema.

"Sasa geuka huko," akasema. "Siwezi kula mbele ya mtu kafunga."

Nikageuka, nikatazama migomba yake, nikamsubiri amalize.