Siku Tuliyotandika Wodi kwa Magodoro ya Kuazima

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Mzee Rajabu, mwenyekiti wa kijiji chetu. Daktari Onzima, ambaye kwa cheo hakuwa daktari lakini sote tulimwita hivyo. Taban, fundi wa baiskeli. Mama Kiden, muuza muhogo kutoka Abuku. Mdogo wangu Hawa, mfagiaji wa dispensari. Mdogo wetu wa mwisho, Juma, aliyelala kitandani. Wageni wawili kutoka Arua, mzee mmoja wa miwani na mama mmoja aliyeshika kalamu, na dereva wao aliyesimama mlangoni akikwepa mvua. Na mimi. Sikumwacha mtu. Kwa nini nawataja wote mtaona huko mbele.

Kosa ni langu. Nilimwita mwongo mtu aliyekuwa akisema kweli, mbele ya hawa wote, na nilijua anasema kweli wakati mdomo wangu ukifunguka.

Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu. Baba alikuwa askari. Mwaka wa sabini na tisa alipelekwa vitani kusini na hakurudi. Sisi tulivuka na mama kwenda Zaire, na mama alikufa huko kwa homa, kwenye kambi. Nilikuwa darasa la tano. Shule yangu iliishia hapo. Tuliporudi Koboko nilikuwa na Hawa mkono mmoja na Juma mgongoni, na nyumba yetu ilikuwa imebaki ukuta mmoja.

Pale mpakani kila familia iliyorudi ilipewa godoro na blanketi. Kwa muda mrefu godoro lile ndilo lilikuwa mali yetu kubwa. Wadogo zangu walilala juu yake, mimi nililala kwenye mkeka.

Juma ana kifafa. Kilimwanza Zaire. Daktari Onzima alikuwa na vidonge vyake, na kila mwezi alimwekea Juma fungu kwenye karatasi. Hakutudai kitu hata siku moja. Juma akimeza, mwezi unapita bila kuanguka. Akikosa, anaanguka popote, njiani, kisimani, jikoni.

Sasa niseme na upande wa pili, maana nimekuja kusema yote. Daktari alikuwa anauza dawa za dispensari. Zilikuwa zinatoka kwa dirisha la nyuma, na baada ya siku mbili tatu tunaziona sokoni kwenye meza, kati ya sabuni na betri. Mshahara wake ulikuwa hauji, na yeye pia alikuwa na watoto. Hawa alimwona mara nyingi. Alinieleza, nami nikamwambia anyamaze. Vidonge vya Juma havikupita dirishani. Hilo lilinitosha.

Habari ikaja kwamba watu wa serikali watatoka Arua kukagua dispensari, kuona kama inafanya kazi na kama vitu ilivyopewa vipo. Daktari akatuita, Mzee Rajabu, Taban, Hawa na mimi.

"Wakikuta patupu watasema nimeuza," alisema. "Wataniondoa, na mwingine hawataleta. Mtakuwa mnakwenda Arua kwa miguu."

Mzee Rajabu alisema jambo ambalo kwetu lilionekana la kawaida kabisa. "Mgeni akija nyumbani, viti hakuna, unafanya nini? Unaazima kwa jirani. Basi tuazime."

Ndivyo tulivyoishi tangu tuliporudi. Sahani za harusi ziliazimwa. Sufuria za matanga ziliazimwa. Mtu akipata mkwe, kijiji kizima kinamletea viti, na mkwe anaondoka akidhani ni vya mwenyeji. Hakuna aliyeona ni uongo. Tuliona ni heshima.

Vitanda vya chuma vilikuwepo wodini, lakini magodoro yaliibwa wakati wa vita na hayakurudishwa. Asubuhi ya siku ile Taban alipita nyumba kwa nyumba, akifunga godoro nyuma ya baiskeli.

"Leo baiskeli yangu imeoa," alisema alipochukua la kwetu. "Na bibi harusi ni mnene."

Juma alikuwa mgonjwa kweli, ametoka kuanguka wiki ile. Tukamlaza kitandani, juu ya godoro lake mwenyewe.

Wageni walifika na mvua. Nyuma ya gari lao lilikuja lori lililofunikwa turubai. Mle ndani, tuliambiwa, mlikuwa na magodoro mapya, taa, vitu vya kuzalishia na maboksi ya dawa, na wangeshusha pale watakapoona shida imezidi. Nilisikia kwa masikio yangu. Nilimtazama Daktari naye akanitazama. Tulikuwa tumeshatandika.

Mzee wa miwani alipita kitanda kwa kitanda akibonyeza magodoro kwa kidole.

"Afadhali," alisema. "Hapa mmejitahidi. Kule tulikotoka mgonjwa analala juu ya chuma."

Hapo akaingia Mama Kiden. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amelowa, beseni la muhogo liko kichwani.

"Bwana mkubwa, karibu Koboko," alisema. "Hiyo umebonyeza iko godoro ya Mzee Rajabu. Nusa kidole yako. Mtoto yake ya mwisho anakojoa kila siku."

Dereva alicheka kule mlangoni.

"Mama, hapa iko kazi ya serikali," Mzee Rajabu alisema. "Toka."

"Natoka wapi? Hiyo serikali si mimi pia nataka kuiona? Hii hapa ya Taban, angalia mafuta ya cheni. Na huyu mtoto analalia godoro ya dada yake. Jana nilipita kwao, ilikuwa inakaa juani."

Kisha akatua beseni, na sauti yake ikashuka.

"Binti yangu Kiden alizaa hapa. Chini, kwa saruji, juu ya kanga yangu. Taa hakuna. Glavu hakuna. Dawa ya kuzuia damu hakuna. Mtoto alikufa hapo hapo unaposimama. Lakini dawa ya serikali mimi naiona sokoni, kwa meza. Bwana mkubwa, usiandike kwamba iko vizuri."

Yule mama wa kalamu aliacha kuandika. Mzee wa miwani alimgeukia Daktari. Daktari alikuwa anatazama mikono yake. Mgeni akamgeukia Mzee Rajabu, na Mzee Rajabu akaninyooshea kidole.

"Muulize huyu. Huyu mutu hasemi uongo. Amelea wadogo zake peke yake, hajaiba, hajaomba. Kijiji kizima kinamjua."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeijenga heshima ile miaka mingi, na siku ile ndiyo niliyoitumia.

"Wewe dada," mgeni aliniuliza, "mama huyu anasema kweli?"

Nilimtazama Juma. Niliona karatasi ya vidonge. Sikuona kingine.

Nikasema, "Mama huyu alifiwa na mjukuu. Tangu hapo kichwa chake hakijatulia. Magodoro ni ya dispensari. Dawa tunapata. Mdogo wangu anatibiwa hapa."

Hakuna aliyenifundisha maneno yale. Daktari aliniomba niazimishe godoro tu. Habari ya mjukuu niliitoa mwenyewe. Nilichukua msiba wake nikaufanya sababu ya kutomsikiliza.

Mama Kiden hakubisha. Aliinama, akajitwika beseni.

"Basi mimi ni kichaa," alisema, kama mtu anayerudia bei aliyotajiwa. Akatoka kwenye mvua.

Wageni walikula kuku kwa Mzee Rajabu. Walipoaga, mzee wa miwani alisema, "Ninyi mna nafuu. Tuwafikirie wenye shida zaidi." Turubai halikufunguliwa. Baadaye tulisikia vitu vile vilishushwa kwenye dispensari ya Aroi. Sina neno na watu wa Aroi. Nao walikuwa wanalala kwenye chuma.

Jioni kila mtu alikuja kuchukua godoro lake. Nilimwambia Juma ainuke nibebe la kwetu.

"Kwa hiyo nimepona?" aliniuliza.

Nilimwambia ndiyo.

Mnataka kujua nilihisi nini. Sikuhisi kitu. Nilipika, tukala, nikalala. Kesho yake nilikwenda shamba. Nilidhani kutohisi kitu ni dalili kwamba sikukosea.

Vidonge vya Juma vilikwisha msimu uliofuata. Daktari alikwenda Arua kuomba, akarudi mikono mitupu. Walimwambia ripoti inasema dispensari yetu ina dawa za kutosha, na kama hazipo, basi yeye aeleze zilikokwenda. Hakuweza kueleza. Naye hakuweza kusema kwamba hata ile ripoti ilikuwa ya kuazima.

Muda haukupita akaondoka. Wengine walisema amevuka Sudani, wengine walisema amefungua duka Arua. Mlango wa dispensari ulibaki na Hawa na ufagio wake.

Juma akaanza kuanguka tena. Siku moja ya soko nilimtuma chumvi. Kifafa kilimkuta mbele ya mafiga ya Mama Kiden, sufuria ya muhogo ikichemka. Aliangukia moto.

Watu walipiga kelele. Mama Kiden hakupiga kelele. Aliingiza mikono yote miwili, akaisukuma sufuria, akamvuta mdogo wangu kwa mabega. Maji yakammwagikia mikononi. Hakumwachia.

Nilipofika walikuwa wamewaweka wote wawili mbele ya dispensari. Hawa alisimama mlangoni.

"Dada, ndani hakuna kitu," alisema. "Hata bandeji."

Vitanda vilikuwa wazi nyuma yake, chuma kitupu. Nilimlaza Juma kwenye saruji, juu ya kanga. Sikuyakumbuka maneno ya Mama Kiden wakati ule. Nilikumbuka baadaye.

Lori la tumbaku liliwachukua hadi Arua. Njia nzima Mama Kiden alikuwa ameinua mikono yake mbele kama mtu anayebeba mtoto.

Juma alipona. Ana kovu kuanzia shingoni hadi begani, na shati lenye kola hulifunika. Vidole vya Mama Kiden vilishikana. Mkono wa kulia haufungi, wa kushoto haufunguki.

Nilikwenda kwake Abuku baada ya mavuno. Nilibeba ufuta na jogoo. Nilimkuta jikoni, nikapiga magoti, nikamwambia nimekosa, siku ile alisema kweli na mimi nilijua.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada ya Juma," alisema, "yale maneno ulisemea wapi?"

"Wodini."

"Mbele ya nani?"

Nikawataja, kama nilivyowataja hapa.

"Ukanifanya kichaa mbele ya hao wote. Sasa msamaha unaniletea jikoni, mimi na wewe na jogoo?" Alisukuma kikapu kwa kiwiko. "Ufuta wacha, watoto watakula. Jogoo rudi nayo. Kusanya wale wale, sema mbele yao. Mimi nitakuja. Mimi sina safari."

Nilidhani itakuwa kazi ya wiki moja.

Nilianza kwa Mzee Rajabu. "Dada, hayo ya zamani," alisema. "Unataka niingie kaburini na jina la mwongo?" Nimerudi kwake mara nyingi. Sasa akiniona anaingia ndani na mkewe anasema hayupo.

Taban alihamia Juba na baiskeli yake. Nilituma salamu kwa wafanyabiashara. Alijibu kwamba atakuja barabara ikitulia. Barabara haijatulia.

Daktari nilimtafuta Arua duka kwa duka. Wale wageni sikuwahi kujua hata majina yao. Nilikwenda ofisini kwao kuuliza, nikaambiwa walihamishwa, na kijana aliyenijibu aliniuliza kama nina malalamiko. Nikasema lalamiko ni mimi. Hakunielewa.

Hawa yuko tayari. Juma yuko tayari. Ni hao wawili tu, na wote ni wa nyumba yangu.

Wewe unayesoma, siku yoyote watakuja kukagua kwenu pia. Usiwatandikie. Acha chuma kionekane, acha kabati likae wazi na vumbi lake. Mkwe unaweza kumficha umaskini wako, maana si yeye wa kukutibu. Serikali ukiificha itaondoka na kile ilichokuletea, na utakuwa umeishukuru. Na mtu mmoja akisimama kusema kweli, kama huna ujasiri wa kusimama naye, basi nyamaza utazame mvua kama wengine. Usiulizwe ukajibu kama mimi.

Siku za soko napita kwa Mama Kiden. Anamenya muhogo akibana kisu kwenye kile kiganja kisichofunguka. Anaponiona anauliza, bila kuinua kichwa.

"Wamefika?"

"Bado, mama."

Ananikatia kipande, ananipa, na mimi nakula pale pale nikiwa nimesimama.