Geti Lililofunguliwa Bure

Wangeci wa mtaa wa Landless, Thika, hajawahi kupanda ndege. Pasipoti hana, na picha ya kitambulisho chake imechubuka hadi anafanana na mtu anayetafutwa na polisi. Lakini mwulize habari za mataifa ya dunia, atakueleza mpaka uji wako upoe. Mataifa yote amekutana nayo mahali pamoja: nje ya geti, siku ya Jumamosi, yakiomba kuingia.

Siku za wiki Wangeci huuza githeri na chapati. Jumamosi kazi yake ni geti. Mkikuyu akiozesha binti, siku ya ruracio, ya kuleta mahari, wakwe hawaingii tu kama watu wa kusoma mita ya maji. Wanasimama nje. Wanawake wa nyumbani wanasimama ndani, geti limefungwa, wanawaimbia: nyinyi ni nani, mmetoka wapi, mnataka nini kwa mji wa watu? Walio nje lazima wajibu kwa wimbo. Wakijibu ovyo, wanaulizwa upya. Wakijibu vizuri, wanatukanwa kidogo kwa heshima, ndipo wanafunguliwa. Siku hizi akina mama wengi wenye nyumba nzuri hawazijui hizo nyimbo, kwa hivyo wanamwita Wangeci na wenzake sita. Kwa miaka kumi na minane, akisimama yeye getini, Thika ama Ruiru, hakuna aliyethubutu kufungua kabla hajasema.

Hapo ndipo alisomea dunia. "Mtu humjui akiwa mezani," huwaambia wateja akiwapakulia. "Mezani kila mtu ana adabu. Mngojeshe nje kwa jua, ndio utajua kwao wanaishi aje."

Wakamba, asema, ukiwafungia wanacheza mabega mpaka unasahau swali uliuliza. Waluhya wanakuja na ngoma zao, na baada ya dakika tano ni wewe uliye ndani unataka kutoka. Wahindi wa Thika walisindikiza kijana wao wakipiga makofi kwa mdundo ambao wenzake Wangeci wanaujaribu hadi leo na hawaupati. Mjerumani mmoja alifika saa nne kamili kwa sababu kadi iliandikwa saa nne, akakuta wenyeji hata mbuzi hawajachinja. Alisimama nje peke yake masaa matatu bila kulalamika, hadi Wangeci akamtolea stuli. Na kuna Mnaijeria wa Juja, nguo yake pana kama pazia, aliyejibu kila swali kwa kumsifu Wangeci mwenyewe: urefu wake, shingo yake, meno yake. Wangeci ni mfupi na meno mawili yalishaondoka. Huyo alifunguliwa kabla ya ubeti wa tatu, na hiyo hadithi Wangeci haisimulii sana.

Basi mwezi wa nane kazi ikatoka Membley, mtaa wa wenye pesa huko Ruiru.

Mwenye kazi alikuwa Rachael, mke wa Gachanja, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa mtaa huo, mwenye ua uliokatwa ukalingana kama mkate wa duka. Binti yake Mitchell alikuwa anaolewa na Mbulgaria aitwaye Stoyan, fundi wa mapampu katika shamba moja la maua upande wa Thika. Mama yake Stoyan na shangazi zake watatu walikuwa wanakuja na ndege kwa ajili ya ruracio.

Rachael alimwita Wangeci siku mbili kabla, akamkalisha kwa veranda, si sebuleni.

"Mama Shiko, nakuheshimu sana," alisema, na Wangeci akajua hapo ubaya unakuja. "Lakini hawa ni wazungu. Huyo mama ni mtu mzima, pengine miguu inamuuma. Sitaki ahojiwe kwa geti kama mwizi wa kuku. Imba kidogo. Dakika tano."

"Dakika tano hata koo haijapata moto, Mama Mitchell."

"Tano. Halafu Kyengo anaweka muziki, tunafungua."

Kyengo ni dijei mwenye tumbo la mbele na spika kubwa kama kabati. Mwaka huo alikuwa amemnyang'anya Wangeci mageti matatu. Kwake wimbo unatoka kwa spika, rimoti inabonyezwa, geti linateleza, mambo kwisha. Jambo likifanywa kwa mwenyekiti, wamama wote wa Membley wanaliiga kabla ya mwezi kuisha, kama walivyoiga ule ua. Wangeci aliona wazi: Jumamosi hii ikipita kwa dakika tano, Jumamosi zake zote zimepita.

"Na hao Wabulgaria ni watu wa aina gani?" aliuliza.

"Ni watu wa Ulaya," Rachael akajibu, kana kwamba Ulaya ni ploti moja.

Jumamosi ikafika. Wangeci na wenzake walijipanga nyuma ya geti na leso zao kiunoni, Kyengo na kabati zake upande huu, Barasa askari na rimoti upande ule, na Rachael kwa veranda akiangalia saa. Wageni wakashuka kwenye magari. Wangeci akachungulia kwa ufa. Aliona mwanamke mfupi, kitambaa kichwani, mikono ya mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote, ameng'ang'ania kikapu ambacho Stoyan alitaka kumsaidia akanyimwa.

"Huyo miguu haimuumi," alimnong'oneza Syokau, msaidizi wake. "Huyo amebeba magunia kunishinda."

Akaanzisha. Nyinyi mlio nje, ndio wageni wetu tuliowangoja?

Stoyan, aliyejifunza Kiswahili kwa mafundi wenzake na Kikuyu kidogo kwa Mitchell, akamtafsiria mama yake sikioni. Mama akatabasamu, akatikisa kichwa kushoto na kulia.

"Haiya! Amekataa!" Syokau akasema.

Wangeci akaongeza sauti. Basi mmekuja kwa sababu ya msichana wetu?

Mama akatikisa tena, kwa nguvu, na shangazi wote wakatikisa pamoja naye.

"Uui, hata msichana hawamtaki!"

Ama mmepotea, mnataka kurudi kwenu?

Hapo mama akainua kidevu juu mara moja, akatoa mlio mdogo kwa ulimi. Yaani aliitikia. Wenzake Wangeci walicheka hadi wakashikana. Walikuwa wamekutana na wakwe wakali, wakwe walevi, na hata mkwe mmoja aliyezirai, lakini wakwe waliovuka bahari kuja kusema wamepotea nyumba, hao hawakuwa wamewaona.

Rachael hakucheka. Kwa veranda aliona vichwa vinne vinakataa, kisha kimoja kinakubali kurudi uwanja wa ndege. "Mmewatusi! Mama Shiko, umewatusi, wanaenda!" alipiga kelele. "Kyengo, weka muziki! Barasa, bonyeza!"

Muziki ukalipuka. Geti likateleza likafunguka lote, na Wangeci akabaki katikati ya njia mdomo wazi, ubeti wa nne ukiwa bado kooni. Katika miaka kumi na minane hajawahi kufunguliwa geti kabla hajasema. Alihisi kama mtu aliyevuliwa kitambaa mbele ya kanisa.

"Karibuni wageni waheshimiwaaa!" Kyengo alinguruma kwa maiki, akatoka nje akiwapungia mikono.

Hakuna aliyeingia.

Mama yake Stoyan alilitazama lile geti wazi. Tabasamu lilimwondoka. Akaweka kikapu chini, akakunja mikono. Shangazi wakakunja mikono. Rachael akakimbia kwa viatu vyake virefu hadi kwenye reli ya geti, anasema karibu kwa lugha zote tatu anazozijua. Mama akamwambia Stoyan jambo, refu na la sauti, na kijana akawa mwekundu kama nyanya.

"Mama anauliza... pole, mama. Anauliza msichana ako na shida gani."

"Shida? Shida gani?"

"Anasema kijijini kwetu wamama wa bibi harusi wanafunga mlango. Wanatuzuia, tunabishana, tunaimba, tunawabembeleza. Tukifunguliwa tu hivi, bure, ni kama wanataka msichana atoke haraka. Anauliza kama ni mgonjwa." Akaangalia chini. "Ama hamumpendi."

Dirisha la juu likafunguka kwa kishindo. Mitchell, ambaye alipaswa kuwa amefichwa hadi aitwe, alitoa kichwa chote nje.

"Mum! Si nilikuambia? Na kutikisa kichwa kwao ni ndiyo! Hiyo pia nilikuambia! Kuinua ndio hapana!"

Gachanja, aliyekuwa amesimama na wazee wake karibu na hema, ghafla alipata ujumbe muhimu sana kwa simu, akainama kuusoma.

"Stoyan, mwambie mama aingie, tutaongea ndani," Rachael alibembeleza.

Mama akainua kidevu. Ule mlio wa ulimi ukasikika. Sasa Membley nzima ilijua maana yake.

Rachael akageuka. Wangeci alikuwa anakunja leso yake pole pole, kona kwa kona.

"Mama Shiko."

"Mimi nimemaliza, Mama Mitchell. Ulinipa dakika tano, nimetumia nne. Hiyo moja kaa nayo."

"Tafadhali. Funga geti."

"Mimi si askari. Rimoti ako nayo Barasa."

"Wangeci! Ngai, unataka nipige magoti? Unataka nini?"

Wangeci alijifanya kufikiria, ingawa jibu lilikuwa tayari tangu veranda. "Hizo kabati zinyamaze."

"Zimenyamaza! Mtu azizime!"

"Na dakika?"

"Hakuna dakika. Imba hata mpaka Jumapili."

"Na wewe unakuja kusimama hapa katikati yetu. Si kwa veranda kama mtu wa bima."

Rachael akavua viatu. Mtu akamfunga leso juu ya gauni lake la gharama. Barasa akabonyeza, geti likarudi likafungwa ngo! na Kyengo, aliyekuwa bado nje akiwapungia wageni, akafungiwa huko pamoja nao. Kwa ufa Wangeci aliona nyuso za wale wamama zinang'aa tena kama watu waliorudishiwa mali yao.

Akaanza upya. Nani huyo anagonga geti langu?

Huko nje wanawake wanne walipanua vifua wakaimba, na Syokau akaruka nyuma. Haikuwa sauti ya kanisa wala ya redio. Ilikuwa sauti ya kuitana kutoka mlima mmoja hadi mwingine, kali kama bati likikatwa, na ndani yake sauti mbili zilisuguana bila kupatana na bila kuachana, kama watu waliooana miaka arobaini. Nywele zilimsimama Wangeci. Mageti yote aliyoshika, na hii hajawahi kuisikia. Akatamani papo hapo kuiiba.

Lakini kazi kwanza. Kijana wenu ni mwembamba, akaimba, atabeba mtungi wa maji ama upepo utambeba yeye?

Stoyan alitafsiri akijikuna kichwa. Mama akajibu kwa wimbo, na Stoyan akaurudisha kwa Kiswahili chake: "Anasema mimi ni mwembamba sababu sijaanza kula kwa huyu msichana. Anauliza, anapika ama anapiga tu chakula picha?"

Dirisha la juu likafungwa taratibu.

Wenzake Wangeci walipiga vigelegele hadi jirani aliyetoka kulalamikia kelele akasahau, akavuta kiti kwa balkoni. Mwanamke wa nyumba ya pili alikuwa ameshapenyeza kichwa kwa ua, anamwuliza Syokau: huyu anaitwa nani, na mwezi wa kumi na mbili ana nafasi? Wangeci alisikia kila neno. Akajifanya hasikii, ila akaongeza mbwembwe mbili kwa ubeti uliofuata.

Wakaenda hivyo, huku na huku, kijana akitafsiri hadi jasho linamtoka, na Kyengo huko nje akiimbishwa na shangazi mmoja aliyemshika mkono kama mtoto. Kisha mama akasogea kwenye ufa.

"Anasema amesikia sauti za wamama wa kuitwa," Stoyan akasema. "Ni nzuri sana. Lakini mama wa msichana hajamsikia. Kwetu, wa mwisho kushika mlango ni yeye."

Wanawake wote saba wakamgeukia Rachael.

"Mimi? Mimi hizo nyimbo sizijui."

"Unazijua," Wangeci alisema. "Ulizaliwa Gatundu, Mama Mitchell, si Ulaya."

Rachael alianza kwa sauti ya kwaya, ndogo na safi, ya mtu anayeogopa kumwaga chai. Akakosea. Akaruka ubeti. Akaurudia, na mahali fulani kati ya jina la mama yake na jina la nyumba yao ya zamani, sauti ikashuka ikawa nene, na miguu yake isiyo na viatu ikaanza kukanyaga simiti. Akaimba kwamba huyu mtoto alimbeba mgongoni akichuma kahawa, na sasa watu wa mbali wanamtaka, je, watamfanya acheke? Juu, nyuma ya dirisha, mtu alipenga kamasi.

Barasa alimtazama Wangeci, kidole juu ya rimoti.

"Nifungue, mama?"

"Usiniulize mimi," Wangeci alisema. "Mwenye msichana ndiye huyo."

Rachael alijipangusa macho kwa pindo la leso, akavuta pumzi, akajipanga sawa katikati ya wanawake.

"Bado," alisema. "Huyo mama hakujibu ile ya mtungi wa maji, alijibu ya chakula. Wangeci, tuanze wapi?"