Mkono wa Karatasi ya Maandazi

Nina udhaifu mmoja ambao nauungama mapema: nilipenda magonjwa adimu kuliko wagonjwa wenyewe. Mungu anisamehe. Niliporudi Mbinga na cheti cha magonjwa ya ngozi nilidhani watu wataniletea maajabu. Wakaniletea upele. Wakaniletea mapunye ya watoto, choa na mba, asubuhi hadi jioni, na kila mmoja alikuwa ameshapaka kitu. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa. Maduka ambayo zamani yalikuwa na chumvi na sabuni ya mche sasa yalikuwa na tyubu za kila rangi, na mwenye duka ukimuuliza hii ni ya nini, anakujibu, "Ya ngozi," basi imekwisha. Nusu ya kazi yangu ilikuwa kuwaachisha watu krimu.

Nilikuwa na kaunta buku niliyoiandika juu kwa kalamu nyekundu: ADIMU. Miaka miwili nilikuwa nimejaza kurasa nne tu. Ukurasa wa kwanza mtoto aliyezaliwa na ngozi ya magamba, wa pili mzee aliyetoka malengelenge kila jua lilipomgusa, na mbili zilizobaki nilizijaza kwa kulazimisha. Nilikuwa naifungua jioni na kuisoma peke yangu kama watu wanavyoangalia picha za harusi yao.

Mara moja kwa mwezi nilitakiwa kushuka ziwani, upande wa Kihagara, kufanya kliniki ya ngozi. Masika barabara ilikuwa haipitiki, kwa hiyo kutoka Mbamba Bay tulipanda boti ya injini. Sasa mimi ni mtoto wa milimani, wa kahawa na mashimo ya ngoro tunayolimia mteremkoni. Maji niliyoyazoea ni ya kwenye ndoo. Safari ya kwanza mama mmoja alinihurumia, akanipa ndimu iliyokatwa, akasema nikiinusa kichefuchefu kitakata. Sikuinusa. Kila wimbi lilipokuja niliikamua, na mawimbi yalikuwa mengi. Tulipofika, boti haikugusa nchi kavu. Wenyeji waliruka majini na mizigo yao wakaenda zao, na sisi wageni tukaambiwa tutabebwa. Mwanamume mmoja kifua wazi akaja, akageuka, akanipa mgongo. Nilishika viatu kwa mkono mmoja, mwingine nikaung'ang'aniza begani kwake, nikafumba macho na kusali Salamu Maria kwa sauti mpaka nikasikia mchanga chini ya miguu. Uso wake sikuuona hata kidogo.

Wewe unayesoma labda umeshaanza kucheka. Mimi ilinichukua mwezi mzima.

Safari ya pili, siku ya kliniki, waliingia mume na mke. Mume alikuwa mtu mkubwa, mpole, anayeinama mlangoni hata pale asipohitaji kuinama. Mke alikuwa mwembamba, na macho yake yalikuwa yamekaa kazini.

"Shikamoo, sista," akasema.

"Marahaba. Mimi si sista, ni daktari. Nani anaumwa?"

"Anaumwa yeye. Ninayeteseka ni mimi. Vua shati, baba, daktari aone."

Mume akavua. Juu ya bega la kulia, ukishuka kuelekea mgongoni, kulikuwa na mkono. Sisemi doa linalofanana na mkono. Kiganja, vidole vinne na dole gumba, vyote vimekolea rangi ya kahawa iliyoungua, na chini ya kiganja michirizi miwili iliyoteremka kama maji kwenye ukuta. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Aibu kusema, lakini ndivyo ulivyofanya.

"Ilianzaje?" nikamuuliza.

"Nilishinda juani siku ya boti, nashusha mizigo," akasema mume taratibu. "Siku ya pili usiku pakaanza kuwaka. Pakatoka malengelenge kama niliyemwagiwa uji. Yalipokauka, ikabaki hii."

"Nimempaka tyubu tatu kutoka Mbinga," mke akadakia. "Moja ya kijani, moja ya njano, moja ina picha ya mwanamke anacheka. Haitoki. Mama mkwe anasema ni pepo. Mimi nikasema pepo hana dole gumba."

Kisha akafungua kanga na kutoa karatasi. Ilikuwa ile karatasi ya kufungia maandazi, imelowa mafuta mpaka inapitisha mwanga. Alikuwa ameilaza mgongoni kwa mumewe akiwa amelala, akaufuata mkono ule kwa kalamu ya mwanafunzi, kidole kwa kidole, kisha akaukata kwa wembe. Mkono mzima wa karatasi. Na akauzungusha kijiji.

"Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo maana nilianza na majirani," akaniambia. "Kwenye kwaya, kisimani, kwenye msiba wa juzi. Namsalimia mtu, namshika mkono, napima. Wote mikono yao mipana. Huu haujashika mpini wa jembe, dokta. Huu ni wa mwanamke wa mjini. Na yeye kila mwezi anapeleka dagaa wa usipa Mbinga."

"Nakwenda kuuza usipa," akasema mume.

"Sijasema huuzi."

Mwalimu wangu wa ngozi alikuwa akituambia kwamba ugonjwa haujui kutumia rula: ukiona ngozi imechorwa mstari ulionyooka au umbo unalolijua, tafuta sababu nje ya mwili. Na nje ya mwili nilikuwa naijua moja, niliyowahi kuiona kwenye kitabu cha picha tu. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi, kisha jua kali likaipiga, ngozi inaungua pale pale yalipogusa na kubaki nyeusi kwa wiki nyingi. Haiambukizi, haihitaji dawa, inafifia yenyewe ukiifunika na shati na ukiacha kuisumbua kwa krimu.

Nikawaeleza yote hayo. Sikueleza, nilihutubia. Nilisimama, nikaonyesha michirizi kwa ncha ya kalamu, nikamwita muuguzi wa zamu aje ajifunze. Nikamalizia kwa kishindo: "Kwa hiyo si pepo, si fangasi. Ni mtu aliyekuwa na maji ya ndimu kiganjani, akamshika baba hapa, tena kwa nguvu, na muda mrefu."

Muuguzi akaangalia dirishani.

"Asante, dokta," mke akasema. "Nilikuwa natafuta mtu msomi wa kunithibitishia."

Hapo ndipo nikaona nilichofanya. Nikageukia mume haraka, nikamuuliza kama yeye mwenyewe hakushika ndimu siku ile. Akasema hapana. Nikamuuliza basi nani alimshika. Akaangalia viatu vyangu tu, na mimi, mjuzi wa ngozi, nikamhesabia hatia palepale. Nilijisemea moyoni, wanaume hawa.

"Kesho napanda boti kwenda kwetu Chiwanda," mke akasema, anafunga kanga vizuri. "Watoto wako huko tayari, kwa bibi yao. Miaka kumi na miwili nimeivumilia nyumba ile, sasa inatosha, sirudi." Hakulia. Sauti yake tu ilipungua kidogo mwishoni, na mumewe akaishusha mikono yake mikubwa mapajani kama mtu aliyeambiwa aiache hapo.

Na mimi unajua niliomba nini? Niliomba ile karatasi. Kwa ajili ya kaunta buku.

"Chukua," akasema. "Nimeshapima vya kutosha."

Saa tisa alasiri nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza cha nyumba niliyofikia, gundi pembeni, ukurasa wa tano wazi mbele yangu, nina raha ya mtu aliyepata mchumba. Nikapaka gundi. Nikaweka karatasi. Ikawa inajikunja kwa sababu ya mafuta, nikaikandamiza kwa kiganja ishike. Kiganja kikaenea. Vidole vikaenea. Hata pale kidole cha mwisho kinapojitenga na wenzake, kwangu nacho kinajitenga hivyo hivyo.

Nilikaa pale mpaka gundi ikakauka na mkono wangu juu yake. Ndimu yote ilinirudia, na mawimbi, na Salamu Maria. Mganga hajigangi, sawa, lakini hata hajioni? Nilikasirika kwanza, nikatafuta wa kumlaumu, nikakosa. Halafu likaja wazo lenye adabu mbaya: hakuna anayejua. Nikinyamaza, mwezi ujao nakuja na kliniki yangu na heshima yangu. Nilililea wazo hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kilichonifukuza ni ile sauti yake iliyopungua mwishoni.

Asubuhi nilifika ufukweni na kaunta buku kwapani. Boti ilikuwa imesimama mbali kidogo kama kawaida yake, na mwanamke yule alishakaa ndani, furushi magotini, uso umeelekea kusini. Mumewe alisimama majini, maji yanafika mapajani. Habebi mtu wala mzigo, amesimama tu, na shati lake amelivaa kama nilivyomwagiza.

Nilitaka kumwita mke pembeni nimweleze kwa staha. Pembeni yenyewe iko wapi, mtu yuko kwenye boti. Ikabidi nipaze sauti.

"Mama, yule mwanamke wa mjini ni mimi."

Boti nzima iligeuka. Nadhani hata injini ilinyamaza. Nikaona maneno niliyochagua hayakuwa mazuri, nikaanza upya, mbio mbio, ndimu, mawimbi, kubebwa, macho niliyoyafumba, na watu wakaanza kucheka kabla sijafika nusu. Yeye hakucheka. Akanyoosha mkono kuomba buku, ikapitishwa juu ya vichwa vya watu mpaka ikamfikia, na mimi nikaingia majini na viatu vyangu, hatua kwa hatua, mpaka ubavuni mwa boti, nikaweka kiganja changu kwenye ukurasa mbele ya macho yake. Akaukagua mkono. Akaugeuza, akaugusa kwa ndani, ulaini wake.

"Ni huu," akasema.

Kisha akamtazama mumewe. "Ulijua?"

"Nilijua jana, aliposema ndimu. Alikuwa ananukia ndimu."

"Ukanyamaza. Mimi nafungasha, wewe umenyamaza."

"Ningesemaje mbele ya muuguzi wake kwamba daktari alilia mgongoni kwangu?"

Niliumia. Mtu huyo nilikuwa nimemhukumu kwa kuangalia viatu vyangu, kumbe alikuwa ananisitiri, na gharama yake ilikuwa imekaa kwenye boti na furushi.

Nilidhani sasa mwanamke atashuka, tupeane mikono, yaishe. Hakusogea. Akaifunga buku, na alipozungumza hakuzungumza na mimi.

"Maji haya nimeyapita na mimba zote tatu," akasema. "Nimeyapita na mtoto mgongoni na ndoo ya usipa kichwani. Nimeyapita siku narudi kumzika baba yangu. Wewe ulikuwa umesimama hapo hapo unawabeba wageni."

Hakuna aliyecheka tena.

"Wewe ni mtu wa ziwa," akasema mume. "Nilijua unaweza."

"Naweza. Inama."

Akaja, akageuka, akainama. Mke akanirudishia buku yangu bila kuniangalia, akaweka furushi kichwani, akapanda mgongoni kwa mumewe, akakaa sawasawa. Akambeba mpaka mchangani, taratibu, maji yakipungua miguuni, na huko akapiga goti ili amshushe.

"Bado," akasema yule mwanamke. "Nifikishe nyumbani."

Nyumbani kwao kulikuwa juu, kupita shamba la mihogo. Akanyanyuka naye, akamweka vizuri, wakaanza kupanda.