Aliyegonga Ndani ya Boti

Nianze na hili: ilikuwa mchana. Watu wakisimulia mambo ya namna hii husema ilikuwa usiku, mbwa wanabweka. Mimi jua lilikuwa linaniwakia mgongoni. Sikuwa na homa, na pombe siijui. Shemeji yangu Bwire alikuwepo, yu hai mpaka leo pale Kiriba, na ukimwuliza atakwambia yaleyale. Tofauti ni kwamba yeye yanamfurahisha, mimi yananiuma.

Mume wangu Mafuru alikuwa fundi wa mitumbwi. Alizijua mbao, na wavuvi walitoka mbali kumletea kazi. Kisha akaiona boti. Ilikuwa boti ya starehe, ya mgeni mmoja aliyeishi Musoma mjini kisha akarudi kwao. Ilikuwa na mashine, chumba cha kulala, jiko dogo, hata kioo cha kunyolea ndevu. Na upande mmoja wote ulikuwa umeoza. Mafuru aliuza mbuzi wetu, akainunua, akaivuta kwa maji mpaka kwetu, na vijana wa kijiji wakaipandisha juu ya magogo.

Alisema ataitengeneza, awe anabeba watalii kuwapeleka visiwani. Je, ilikuwa ndoto mbaya? Hapana. Hata mimi niliipenda. Lakini niamini, boti ile ilikula kuliko mtoto. Ukiweka ubao mpya, ubao wa jirani nao unaonyesha uozo wake. Ukinunua kifaa cha mashine, fundi anasema kilichokufa ni kingine. Watani wakipita walimwuliza, "Mafuru, hotelini tunahamia lini?" maana kuku wangu walikuwaga wanalala humo. Yeye aliwajibu, "Bado kidogo," akacheka nao. Akishamaliza kucheka, anakohoa.

Kikohozi kilipozidi nilimpa hela ya mahindi aende hospitali mjini. Alirudi jioni na panga jipya la boti, lile linalozunguka chini ya maji, amelifunga ndani ya kanga yangu kama mtoto mchanga. Akaniambia kifua kimepoa chenyewe. Safari ya pili ya hospitali alibebwa. Hakurudi.

Baada ya msiba, mwenye hoteli mmoja alikuja kuiangalia boti. Akasema ikielea ataichukua, isipoelea ni kuni tu. Bwire, ambaye ni kaka mkubwa wa marehemu, akaizunguka, akaipigapiga kwa kiganja, akasema, "Shemeji, bado kidogo." Neno lilelile. Tulikuwa tumebaki na ng'ombe wawili wa plau, basi. Mimi nimezaliwa Butiama, na kwetu mtu akiuza ng'ombe wa plau watu wanamwuliza nyumbani nani anaumwa. Bila wale ng'ombe mimi na binti yangu Neema tungelima kwa mkono, na shamba letu halilimiki kwa mkono likatosha kula mwaka. Hata hivyo nilikubali wauzwe, boti imaliziwe. Mnunuzi wa ng'ombe kutoka Mugeta akaambiwa aje kesho yake asubuhi. Sikuweza kuvumilia mbao zile ziende chini ya sufuria ya mtu wakati mume wangu alikufa kwa ajili yake.

Siku hiyo, kabla mnunuzi hajaja, mimi na Bwire tulipanga kuziba nafasi za mbao. Kazi hiyo inataka watu wawili. Wa nje anasokota pamba ya Bunda iliyolowekwa mafuta, anaishindilia kati ya ubao na ubao kwa nyundo na patasi butu. Wa ndani anajifungia gizani, anatafuta mwanga unaopenya. Akiuona, anagonga mara mbili pale pale, yaani bado. Ukizimika, anagonga mara moja, yaani songa mbele. Hamsemezani, maana nyundo haikuachii kusikia maneno. Mafuru ndiye alikuwaga ndani, mimi nje. Tulifanya hivyo mitumbwi mingi, na nikwambie ukweli, huko ndiko tulikokuwa tunaelewana kuliko popote.

Nilifika, nikaukuta mlango umefungwa kwa ndani. Nikajua Bwire amenitangulia. Nikapiga nyundo kumwarifu kwamba nimefika. Akagonga mara mbili, chini kidogo ya mkono wangu. Nikashindilia. Akagonga mara moja. Tukaenda hivyo, ubao kwa ubao, na kazi ilikwenda vizuri ajabu. Nilijisemea, kumbe Bwire anaijua kazi hii kama mdogo wake. Nilikuwa sijacheka tangu tuzike, lakini pale nilihisi mashavu yangu yamelegea.

Halafu nikasikia mtu ananisalimia kwa nyuma.

"Shemeji, unisamehe, nimechelewa. Pamba nimeipata kwa shida."

Bwire alikuwa amesimama kwenye mchanga, gunia begani. Ndani ya boti kukagongwa mara mbili.

Alinitazama, nikamtazama. Gunia likamwanguka. Mimi sikukimbia. Unajua mjane anavyokuwa? Kitu ambacho wengine wanakiogopa, yeye ndicho anachokiomba kila akilala. Nikaweka mdomo kwenye ufa nikaita, "Baba Neema?"

Kikatoka kikohozi. Nilifua nguo zake kikiwa humo, siwezi kukikosea. Kisha sauti yake, ya upole, ya mtu aliye kazini.

"Hapa bado."

Nilipanda ngazi nikausukuma mlango, safari hii ukafunguka. Alikuwa amelala ubavu chini kabisa, uso ameuelekeza kwenye mbao, kama alivyokuwa akilala siku zote akikagua. Amevaa shati jeupe tulilomzikia. Kidole chake kilikuwa kinapita polepole kwenye ufa. Alinipa mgongo.

Nikamwambia Neema analilia kwenda kumwona kaburini, na mimi sina la kumwambia. Kidole hakikusimama. Nikamwambia sisi tunaumia. Nikamwambia kesho ng'ombe wanaondoka kwenda Mugeta, nikamwuliza, "Sisi tutakula nini?"

Hapo akasimamisha kidole. Nikadhani sasa atageuka. Moyo wangu wote ulikuwa hapo, kwamba atageuka.

"Mama Neema," akasema, "rudi nje. Ukisimama mlangoni mwanga unaingia, siuoni ufa."

Akagonga mara mbili.

Nikatoka. Sikulia. Niliiweka nyundo juu ya gogo, nikapita mbele ya Bwire, nikaenda kuwanywesha ng'ombe wangu. Asubuhi mnunuzi wa Mugeta alipokuja nilimpa chai, nikamwomba radhi, nikamrudisha mikono mitupu.

Unafikiri iliishia hapo? Ukoo uliitwa. Walisema marehemu ameomba kazi yake ikamilishwe, na mke ndiye anayemnyima kupumzika. Mama mkwe, ambaye ananipenda kweli, aliniambia, "Mwanangu anagonga, wewe unalima?" Nilijibu ndiyo, mama, nalima. Tangu siku hiyo hajala chakula changu. Bwire akachukua kazi. Ameshauza mbuzi wake na kiwanja chake cha barabarani. Mke wake amerudi kwao Bugwema na watoto. Mwenye hoteli haji tena, alishanunua boti nyingine. Lakini Bwire amekonda na ana furaha, anasema hajawahi kufanya kazi na mdogo wake kwa amani namna hii. Nikiwa shambani upepo ukitoka ziwani nawasikia: nyundo, halafu wa ndani anajibu mara mbili. Mara moja sijaisikia siku nyingi.

Neema alizisikia habari shuleni, watoto wana midomo. Alikuja akaniuliza kama ni kweli baba alirudi. Nikasema kweli. Akaniuliza, "Alinitaja?" Mimi kudanganya sikufundishwa, na pale nilitamani ningefundishwa. Nilimwambia hapana. Akaenda kuwafungulia ng'ombe.

Wewe unayesoma, huenda na wewe una chombo kimelala ufukweni, au una mume aliye nacho, na unajiuliza kama kukitengeneza kunalipa. Usiende kumwuliza fundi, fundi atasema bado kidogo. Mwite huyo anayekitengeneza, mwite kwa jina la mtoto wake, angali hai. Asipogeuka, chukua mtoto na ng'ombe mwondoke. Ukingoja mpaka afe, hatageuka.